Mbio yangu ya biathloni kwa chukudu

Televisheni ya baa yetu hapa Goma ni ya mpira tu, ila siku ile mechi ilikuwa haijaanza na chaneli moja ya Wafaransa ikawa inaonyesha watu wamevaa nguo za kubana wanateleza kwenye theluji na bunduki mgongoni, wanafika mahali wanajitupa chini, pa pa pa, wanaamka wanakimbia tena. Baa nzima kimya. Muzee mmoja akauliza, "Sasa hao wanafukuzwa na nani?"

Mi ndo nikaeleza, sababu vitu kama hivyo ndo nasomaga usiku mpaka bando inakata. Inaitwa biathloni. Unapiga shabaha 5 ziko mita 50, ukiwa umelala shabaha ina milimita 45 tu, ukisimama wanakuwekea ya 115, na mbio nyingi kila unayokosa unaenda kuzunguka kajia ka adhabu ka mita 150, wenzako wanakupita tu. Nikawaambia pia kuhusu Ole Einar Bjørndalen wa Norwei: mwaka 2002 sisi tulikimbia moto ya volkano Nyiragongo mwezi wa kwanza, yeye mwezi wa pili akachukua dhahabu 4 kwenye Olimpiki kule Salt Lake City, mbio zote za wanaume zilizokuwepo, hakuachia mutu kitu.

Yaya yangu, yaani mkubwa wangu, mtoto wa mjomba, huyo ana mdomo kuliko mwili, akasema, "Ule alikuwa kwa theluji laini. Akuje hapa kwa mawe ya volkano tuone." Nikamjibu kumbe hata wao theluji ikiisha wanazoea kwa ski za magurudumu, kwenye lami. Akanitazama, nikamtazama, wote tukageukia chukudu ya mjomba, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, iliyoegemea ukuta.

Tukapanga kesho yake. Chukudu mbili, ya mjomba na ya kukodi. Bunduki hapana, katika mji huu mutu mwenye akili habebi hata kijiti chenye sura hiyo, kwa hiyo manati. Shabaha zikawa boksi ndogo za tomati, yaani vikopo, zile zinakaribia kabisa kipimo chao cha kulala, ila mita 50 tukazipunguza sana kwa huruma. Halafu yaya akakumbusha kwamba nilisema bunduki yao haipungui kilo 3.5, basi haki ni haki, kila mutu abebe uzito huo mgongoni. Mi nikachukua maharagi ya mama ndani ya mfuko. Mama wa mandazi wa kwenye kona akawa jaji, adhabu anaandika ukutani na kipande cha makaa.

Mteremko ulienda vizuri, nilikuwa najisikia Mnorwei kabisa. Shida ilianza pale kwenye boksi. Watu wanadhani ugumu ni kulenga, eti jicho, hapana, ni moyo! Ulikuwa unanipiga mpaka kwenye vidole, boksi moja naiona mbili, na wale jamaa wanafika hapo hivyo hivyo wanapumua kidogo tu wanafyatua. Jiwe langu la kwanza lilienda sijui wapi, kuku akalalamika. Nikaangusha mbili tu. Mama wa mandazi akapiga mistari mitatu ukutani bila hata kunihurumia.

Nikaingia kwenye adhabu. Kumbe kile kipande cha taili cha breki, kile unakanyaga pale nyuma, mjomba alikuwa amekitoa atengeneze kandambili. Kwenye kona ya kwanza nakanyaga, nakuta hewa. Chukudu ikaacha kajia ka adhabu ikashika barabara kubwa, na barabara kubwa wakati huo ilikuwa na arusi.

Nilijikuta katikati ya gari ya bibi arusi na kundi la motari, wale madereva wa pikipiki, honi pande zote, manati shingoni. Kameramani aliyekuwa amekaa kinyumenyume kwenye pikipiki akanielekezea kamera akanionyesha kidole gumba, endelea hivyo hivyo! Ndo wakati ule mfuko ukapasuka. Maharagi yakawa yanaruka nyuma yangu kama mvua na wamama wakaanza vigelegele, mmoja namsikia anaelezea mwenzake, "Hiyo ni desturi ya upande wa bwana." Motari mmoja yalimwingia kwenye kofia, huyo hakupiga kigelegele.

Chukudu ilisimama yenyewe mlangoni pa ukumbi. Pale kulikuwa na meza ya bahasha, na mama mkubwa mwenye kitenge cha sare akaniuliza kwa heshima, "Papa, wewe uko wa upande gani?" Nikamjibu Norwei, ndo neno pekee lililokuwa kichwani. Akaandika. Kweli aliandika, akanipa kiti na Fanta mbili, nikala na sambaza kabisa, vile visamaki vya ziwa, nikaondoka kabla ya zamu ya zawadi.

Kurudi kwa mguu nasukuma chukudu nikakuta yaya ameshashinda zamani, anakula mandazi ya ushindi. Nikamwekea jaji Fanta moja mezani. Akaifungua, akanywa yote, akaangalia ukuta.

"Bado mitatu," akasema. "Na mama yako amepita hapa, anauliza maharagi."