Watafiti wa uchumi mzunguko wapite Matondoni

Tafiti za uchumi mzunguko, yaani uchumi unaovitumia vitu tena na tena badala ya kuvitupa, zimegeuza mwelekeo upande wa biashara. Zamani hoja ilikuwa taka tu: zikusanywe wapi, ziyeyushwe vipi. Siku hizi watafiti wanauliza kampuni itapataje faida kwa kukarabati, kukodisha, au kukichukua tena kitu kilichochoka. Mtafiti Nancy Bocken na wenzake mwaka 2016 walitenganisha mambo mawili: kuufunga mzunguko kwa kurejeleza, yaani taka kugeuzwa malighafi tena, na kuupunguzia kasi kwa kukifanya kitu kidumu. Mimi nashikilia hilo la pili. Ndilo tunaloliweza Lamu, na ndilo lisilopigiwa picha.

Tazama jahazi likipandishwa pwani Matondoni, kijiji cha waunda majahazi kisiwani Lamu. Fundi hung'oa pamba kuukuu katikati ya mbao, akakalafati upya, kisha chini akapaka deheni ya shahamu na chokaa. Ubao uliooza hutolewa peke yake, mwenzake hauguswi. Chombo kikishindikana kabisa, mbao huenda kwa seremala, na baadaye utazikuta Shela, kijiji cha wageni hapa kisiwani, zimekuwa meza, matundu ya misumari yangali wazi. Bei ya meza hiyo usiulize.

Plastiki ni shughuli nyingine. Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa hapa kwa takriban tani 10 za plastiki chini ya fundi Ali Skanda, lilizinduliwa mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar. Wageni walishangilia rangi za ndara kuukuu zilizoufunika ubavu wake. Mimi nilitazama mikono: ujuzi ni ule ule wa mbao, na bila mafundi wale plastiki ile ingebaki lundo.

Lakini jahazi moja halimlishi mwokotaji wa chupa za plastiki. Yeye hulipwa kwa kilo, na chupa tupu haina uzito, inajaza nafasi tu. Ivushwe kwa boti mpaka Mokowe, gati la bara, ipakiwe lori, ifuate barabara ndefu ya Mombasa. Nauli inakula bei kabla kiwanda hakijaiona chupa. Hapo ndipo miundo mizuri ya biashara inapokwama, na tafiti nyingi hazifiki hapo. Watafiti Kirchherr, Reike na Hekkert walipochambua maana 114 za uchumi mzunguko mwaka 2017, walikuta nyingi zinalenga ustawi wa uchumi kwanza, mazingira yafuate, na usawa wa watu hautajwi ila kwa nadra.

Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayomtaka mzalishaji awajibike kwa taka za bidhaa zake. Vizuri. Basi mwanafunzi anayetafuta mada ya uzamili aanzie hapo: kilo moja ya chupa kutoka Lamu mpaka kiwandani inagharimu nini, na kati ya mwokotaji, mwenye boti na kampuni ya soda, ni nani anayeibeba gharama hiyo leo.