Aliyeumia Asibaki Nyumbani Jumapili

Msibani huwa tunasema mengi. "Ni mapenzi ya Mungu." "Mungu amempenda zaidi." "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Wengi tunayasema kwa nia njema, maana kukaa kimya mbele ya mama aliyetoka kumzika mwanawe ni kazi ngumu. Hata hivyo naamini, na nasema kama Mkristo, kwamba mara nyingi maneno hayo humwongezea mfiwa mzigo. Amefiwa, na sasa anatakiwa ayakubali na maelezo yetu.

Hilo la Bwana kutoa na kutwaa limo katika Biblia, kweli. Lakini aliyelisema ni Ayubu, mwenye msiba mwenyewe. Hakuambiwa na mgeni aliyekuja kumpa pole. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walianza vizuri sana: walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kumwambia neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Wakamtafutia kosa. Haiwezekani, walifikiri, mtu apoteze watoto, mali na afya bila kuwa na dhambi aliyoificha. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia hao rafiki waliojiona wanamtetea Yeye, na kusema kwamba Ayubu, aliyelia na kulaani siku aliyozaliwa, ndiye aliyenena yaliyo sawa. Na Ayubu haambiwi kamwe kwa nini watoto wake walikufa. Mungu anamwonyesha bahari, nyota, mbuni na farasi, lakini sababu haitoi.

Yesu naye alipowataja wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu alikataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu. Kwenye kaburi la Lazaro, ingawa alijua anakwenda kumfufua, alilia machozi. Hakumwambia Mariamu, dada wa Lazaro, aache kulia.

Nimeanzia huko kwa sababu katika nchi yetu kumeenea fundisho linalosema kinyume chake: kwamba mwamini wa kweli haugui muda mrefu, hafilisiki, hakosi mtoto, na akipatwa na hayo basi imani yake ni haba au ukoo wake una laana. Mtu aliyelishwa hayo miaka mingi atakimbilia popote anapoambiwa maumivu yanaisha leo. Mwaka 2011 maelfu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa mchungaji mstaafu kwa shilingi 500. Tarehe 1 Februari 2020 mjini Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana kwenye ibada, waking'ang'ania kupita juu ya mafuta ya upako. Siwacheki, wala sitamvumilia anayewacheka. Walikuwa wagonjwa, wazazi wa wagonjwa, watu waliochoka kungoja. Kinachoniuma ni kwamba hawakuwa wamefundishwa habari ya Paulo, aliyemwomba Bwana mara tatu amwondolee mwiba mwilini, akajibiwa kwamba neema yatosha, akaendelea na kazi akiwa na mwiba wake.

Kama maelezo hayapo, na kama uponyaji waweza kuchelewa au usije kabisa upande huu wa kaburi, Mkristo anayeumia amepewa nini? Jibu langu ni kwamba amepewa Kristo aliyesulubiwa, na amepewa watu. Hao watu wanakusanyika Jumapili.

Najua jibu la wengi: "Hata nyumbani naweza kusali." Unaweza. Lakini kuna majira ambayo huwezi, na ni hayo ninayoyazungumzia. Daktari amekupa majibu mabaya, au mume ameondoka, nawe ukifumba macho kusali hakuna neno linalokuja. Ukiwa peke yako chumbani, sala imekwisha hapo. Ukiwa kanisani, Baba Yetu inasemwa na benchi zima, nawe umo ndani yake hata kama midomo yako haifunguki. Imani ya Mitume inakiriwa na mzee aliyeketi kulia kwako, ambaye alimzika mkewe na bado anaikiri. Zaburi zinasomwa, pamoja na ile ya 88, inayoishia gizani bila neno la faraja, na hakuna aliyethubutu kuiondoa katika Maandiko. Kisha unakwenda kwenye Meza ya Bwana na kupewa mkononi mkate wa Mwili uliovunjwa. Hapo huhitaji kueleza chochote.

Halafu yapo matangazo. Wapo wanaoyaona kero, wakitamani ibada ifupishwe. Mimi nayapenda. Fulani amelazwa, fulani amefiwa na baba, jumuiya fulani itakutana kwa mama fulani Jumamosi. Hapo ndipo lile neno la Paulo, kwamba kiungo kimoja kikiumia viungo vyote huumia nacho, linapopata jina na nyumba ya kwenda. Tangu mwaka 2020 wengi tumezoea ibada ya kwenye simu, na kwa mgonjwa aliye kitandani ni baraka kubwa. Lakini simu haijui kwamba wiki hii hukuwepo. Mzee wa kanisa anayekuona kila Jumapili atajua, na atapiga hodi.

Tena tuwe wakweli kuhusu misiba yetu. Siku ya maziko watu wanajaa, turubai, vyombo vya kukodi, daftari la rambirambi. Siku chache baadaye turubai limeng'olewa na ndugu wamerudi mjini. Upweke wa mjane unaanza hapo. Anayebaki kupita kwake ni watu wa jumuiya, wale wa nyumba kumi za jirani, wakiwa na kilo ya sukari na wimbo mmoja. Na wanampitia kwa kuwa walimjua tangu zamani. Kwa hiyo nasema tuhudhurie hata katika miezi ya amani, tukiwa wazima na mifuko ina kitu, maana jirani wa benchi hapatikani siku ya dharura.

Wapo walioumizwa na kanisa lenyewe. Familia kuulizwa kadi ya ahadi, yaani ile ya sadaka ambazo marehemu aliahidi, huku maiti iko mochwari, hilo nalihesabu kuwa dhambi, na wazee wa kanisa wanaolifanya wanapaswa kutubu hadharani. Mtu aliyetendewa hivyo ana haki ya kuchukua muda wake. Namwomba tu asiache kabisa, hata ikibidi aanze kusali usharika mwingine. Tomaso hakuwepo Bwana alipowatokea wenzake, akasema wazi kwamba hawezi kuamini. Wiki moja baadaye bado alikuwa nao chumbani. Hawakumfukuza kwa mashaka yake, wala yeye hakuwakimbia. Akamwona Bwana akiwa kati yao.

Sharika nyingi zina ibada ya kwanza asubuhi mapema. Njoo na hasira yako. Kaa benchi la nyuma ukipenda, usiimbe kama huwezi, toka kabla ya mnada wa sadaka. Jumapili ijayo njoo tena.