Redio nimeng'oa, dada wa Kijapani bado yupo

Kabla hujanitumia tena ile video naomba ujue nimeshaiona. Nimeiona kwenye magrupu ambayo mimi wala simo, nimetumiwa hadi na shangazi yangu wa Nachingwea, kaweka na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Huyu mshkaji wangu kaikata mwanzo, kaikata mwisho, kabakiza pale tu natokea mlango wa gari, halafu kaandika "jamaa kakimbia gari lake mwenyewe". Sikukimbia. Nilishuka haraka, basi. Kandambili moja kubaki ndani ya gari ni mambo ya kawaida kwa mtu anayeshuka haraka.

Sasa ngoja niwape yote maana nyie mnashangilia kipande.

Toyota IST yangu mnaijua, wengi mmeshaomba lifti humo. Imekuja toka Japani na redio yake ileile, maandishi yote ya kwao, unataka kupunguza besi unajikuta umebadilisha saa. Na FM kwenye redio zao hizo za zamani inaanzia 76 inaishia 90, wakati huku kwetu stesheni zinapanda mpaka 108, kwahiyo mpira ukiwa unachezwa wenzio wanashangilia goli we unasikiliza chenga. Nilifungiwa kile kidude cha kushushia masafa, ikawa inashika, ila namba kwenye kioo inasema nyingine stesheni inasema nyingine, ukimuelekeza abiria anakuona muongo.

Hayo yote nilivumilia. Tatizo lilikuwa dada.

Wenye magari ya Japani mnamjua. Unawasha tu, hata mkanda hujafunga, anatokea mdada ana sauti laini ya mapokezi ya hoteli: "Pon! Iitiishii kaado ga soonyuu sarete imasen." Halafu kimya. Kila ukiwasha. Abiria wakiniuliza anasema nini nilikuwa nawaambia anasema karibuni, fungeni mikanda. Mwingine nilimwambia anasema mafuta yapo ya kutosha, na siku hiyo tukazimikiwa Mikindani pale kwenye mteremko, haya tuyaache.

Akaja bibi yangu mzaa mama kutoka Newala, kaja kwa ajili ya kliniki ya miguu pale hospitali ya Ligula, hapa Mtwara, na mimi ndo dereva. Siku ya kwanza dada kaongea, bibi akaitikia "marahaba mwanangu". Nikacheka. Siku zilizofuata akawa anaitikia kila tukiwasha, na mnajua utani wa bibi na mjukuu wa kiume, mimi kwake ni mume, kwahiyo taratibu yule dada akapandishwa cheo akawa mke mwenzie. "Mke mwenzangu kaamka." "Leo mke mwenzangu kanuna, kaongea kwa kifupi." Mtaa mzima wa Magomeni yetu ya Mtwara ukalishika. Napita na gari, bodaboda wananiuliza shemeji yetu hajambo? Nimefika dukani kununua vocha muuzaji ananiuliza hivi kule Japani mahari wanalipa sh'ngapi.

Hela ya korosho ilipoingia nikasema hapana, huyu mwanamke aondoke.

Nikaagiza redio ya Android Kariakoo, inchi 9, kioo cha kugusa, ina YouTube, ina sehemu ya kamera ya nyuma, na frem yake ya IST kabisa. Hapo kwenye frem msije mkaingia mkenge, tundu la redio la Toyota lina upana wa milimita 200 na redio nyingi za kawaida ni 178, ukinunua bila frem inakaa na mapengo huku na huku. Ikaja na basi. Ile ya zamani nikaitangaza kwenye grupu la spea nikaweka na video dada akiongea, nikaandika "redio original, hadi inaongea", jamaa mmoja wa Masasi akaitaka hapohapo bila kuomba apunguziwe. Kumbukeni huyo jamaa wa Masasi.

Fundi nikamkwepa, nikasema nina intaneti na nina mshkaji mwenye seti ya boksi spana, fundi wa nini. Na kazi yenyewe kusema kweli haikuwa mbaya! Plastiki ya dashibodi tulibandua kwa mpini wa kijiko umezungushiwa kitambaa, klipu mbili zikaenda na maji lakini hazionekani, bolti zote namba 10, soketi za Toyota unachomoa ya pini kumi na ya pini sita unachomeka waya wake, hukati kitu. Njano moto wa muda wote, nyekundu ya kwenye swichi, nyeusi bodi. Nilikuwa nazitaja kwa sauti ili watoto waliokaa pale wajue wapo na mtu gani.

Maana watu walikuwepo. Hili ndo kosa ambalo video haioneshi, kwamba mimi mwenyewe niliwaita. Tangu asubuhi nimeweka status "leo Mjapani anapanda ndege". Bibi katandikiwa mkeka kivulini, mama wa chapati kaacha jiko, baba mwenye nyumba katoka na kiti chake, na vijana wa bodaboda kama kuna mkutano. Mshkaji kawasha kamera. Nikainua ile redio ya zamani juu, nikaizungusha kila upande waione, nikasema bibi, muage mke mwenzio. Bibi akapunga mkono wala hakusema kitu. Redio ikaingia kwenye boksi, boksi likaenda stendi na bodaboda, tukaendelea kufunga mpya.

Jioni, baada ya alasiri. Nakaa kwenye kiti. Nazungusha ufunguo. Kioo kikawaka, nembo ikatokea, na hizi Android mnajua zinachukua muda kuamka, kwahiyo kuna kimya. Nikatoa mkono dirishani nikainua kidole, nikasema "Mnasikia? Mnasikia hicho kimya?"

"Pon! Iitiishii kaado ga soonyuu sarete imasen."

Bibi hata hakugeuka. "Marahaba mke mwenzangu. Walidhani watakuweza."

Kelele zilizopigwa hapo sijawahi kuzisikia hata siku ya mnada. Mimi nikajikaza, nikatangaza kwamba huo ni umeme uliobaki kwenye waya, nikafungua boneti nikatoa kichwa cha betri, nikasubiri, nikarudisha. Pon. Mshkaji akasema labda redio mpya imenakili sauti toka kwenye gari, maana Android hizi zina akili. Na mimi nikamwelewa! Mtu mzima, nimesoma mpaka fomu foo, nikatikisa kichwa nikasema inawezekana.

Basi tukaitoa na mpya. Tukachomoa soketi zote mbili, redio ikalazwa siti ya nyuma imefunikwa kanga. Dashibodi ikabaki wazi kama mdomo wa mtoto aliyeng'oka meno ya mbele, waya zinaning'inia, nyuma yake giza. Hakuna redio. Nataka mlielewe hili jambo, ndani ya gari hilo kwa muda huo hakukuwa na redio ya aina yoyote.

Nikamwambia mshkaji kaa upande wa dereva, ukisikia nasema washa, washa. Mimi nikapiga magoti siti ya abiria, nikawasha tochi ya simu, nikaingiza uso kwenye lile tundu. Nataka nione kama kuna spika imejificha huko. Naona vumbi la Japani, naona sarafu moja ya yen 10, naona waya. Nje kimya kabisa, hata jiko la mama wa chapati nilikuwa nalisikia. Nikageuza kichwa, sikio langu la kushoto likaingia ndani ya dashibodi, nikasema washa.

Klik.

Hakuna kitu. Nikaanza kutabasamu, na nilikuwa nimeshaandaa la kumwambia bibi, nikavuta pumzi ili niliseme vizuri, na ndipo dada, akiwa hana redio, hana spika, hana waya, kutoka kusikojulikana, karibu kabisa, kwa ile sauti yake ya upole, ndani ya sikio langu:

"Pon!"

Sijui maneno mengine aliyaongea au la. Kichwa kilipiga kioo cha kuangalizia nyuma kikadondoka, kiwiko kikapiga honi sijui kwa njia gani maana honi iko upande wa pili, na kutoka hapo ndo inaanzia video mnayoitazama. Nilikuja kushtukia nimesimama nyuma ya mkeka wa bibi. Nyuma ya bibi, mwanamke mwenye matatizo ya miguu, nimemshika mabega.

Mama wa chapati alikuwa ameshafika katikati ya Ayatul Kursiyu. Bodaboda waliobaki walikuwa wawili, na hao pikipiki zao ziligoma kuwaka. Baba mwenye nyumba akasimama, akakunja kiti chake taratibu, akasema kijana mimi na wewe hatuna ugomvi, lakini hilo gari halilali hapa. Mmoja akasema aitwe shehe, mwingine anamjua mzee mmoja Tandahimba, mabishano yakahamia kwenye nauli ya huyo mzee nani atatoa. Mshkaji wangu yuleyule anayeniita mkimbizi alikuwa juu ya boneti ya gari ya jirani, na kamera haijazimwa, mwambieni awaoneshe na kipande hicho.

Aliyetuokoa ni dogo mmoja wa darasa la nne hivi, anaoshaga magari wikiendi. Kachungulia chini ya usukani, pale miguu ya dereva inapokaa, akasema "Kaka, mbona huku kuna kitaa?" Kweli. Kitaa cha rangi ya chungwa, kidogo kama kichwa cha kiberiti, kinawaka kwenye kiboksi cha kijivu ukubwa wa kiganja kimebandikwa kwa juu, kina tundu la kuchomekea kadi. Dogo akachomoa soketi yake. Nikawasha. Kimya. Akachomeka. Pon. Akachomoa. Kimya. Alirudia makusudi mpaka nikamtoa.

Kumbe ni kidude cha kulipia barabara. Kule Japani barabara zao kuu za mwendo wa kasi nyingi ni za kulipia, tangu 2001 wana huo mfumo wa ETC, unachomeka kadi kwenye kiboksi, ukifika getini geti linajifungua lenyewe hela inakatwa. Kina spika yake humohumo, na redio hakiijui hata kwa salamu. Dada wa watu muda wote huo alikuwa ananiambia sijaweka kadi. Mimi barabara ya kulipia niliyowahi kupita na gari hii ni daraja la Kigamboni tu, na pale nilimpa mtu hela mkononi dirishani.

Mengine ya haraka haraka. Redio mpya nimerudishia, inaimba vizuri, klipu zinagonga kidogo nikipita barabara ya vumbi. Baba mwenye nyumba karuhusu gari lilale ila mbele ya geti. Dogo kalipwa soda na hela. Bibi anapanda gari akiwa amenuna, anasema nimemfukuza mwenzake bila kikao, na huko kliniki kawasimulia manesi.

Halafu jamaa wa Masasi akapiga. Kafunga redio yake, kaalika watu, kawasha, haiongei. Kaka umenitumia bubu. Nikajaribu kumueleza akasema maneno mengi sitaki, video ilikuwa na mwanamke, mimi nimenunua na mwanamke, namtaka mwanamke wangu au rudisha hela. Hela yenyewe nilishanunulia kioo cha kuangalizia nyuma. Nikafunga kile kiboksi pamoja na antena yake ndogo ya juu ya kioo nikampelekea stendi, mzigo nikalipia mimi, fundi wake akafunga, dada akaongea, jamaa akanitumia voisi anacheka peke yake dakika nzima.

Jana usiku kanipigia tena, anaongea kwa kunong'ona. Mke wake kakataa kupanda gari mpaka ajue huyo ni nani. Anauliza hivi huyu dada hana kitufe cha kupunguzia sauti?

Kipo, pembeni palepale kwenye kiboksi. Nimemwambia nitamuangalizia, kwanza arudishe hela yangu ya mzigo wa basi.