Mtoto Hatulii Darasani: Kabla ya Chupa, Pitia kwa Wauza Usipa

Wazazi wa Mbeya wanauziwa matumaini ndani ya chupa, na jambo hili linaniuma. Mtoto hatulii darasani, daftari limejaa kazi zilizoishia katikati, mzazi ameshaitwa shuleni. Ndipo jirani anapomwambia, "Mama, mpe mafuta ya samaki, yanaamsha ubongo." Mama anatoa hela ya mboga ya wiki nzima. Chupa inaisha, mtoto ni yule yule, na sasa watu wazima wanaamini anafanya makusudi. Fimbo inaongezeka.

Nafundisha madarasa ya chini, watoto hawa ninao kila siku. Sipingi mafuta ya samaki. Ninachopinga ni chakula kugeuzwa dawa ya duka, wakati chakula chenyewe, usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, kinapanda kutoka Kyela hadi soko la Mwanjelwa na watu wanakipita.

Ukiondoa maji, zaidi ya nusu ya uzito wa ubongo ni mafuta. Mojawapo ya mafuta hayo ni DHA, ya jamii ya omega-3, iliyomo kwenye samaki, na mwili hauwezi kujitengenezea ya kutosha. Mimea nayo ina omega-3 ya aina yake, lakini mwili hugeuza sehemu ndogo sana kuwa DHA. Mtoto huikusanya kwa wingi miezi ya mwisho ya ujauzito na miaka ya mwanzo ya maisha, kwanza kupitia damu ya mama, halafu maziwa yake. Mama asiyekula samaki ana kidogo cha kumpa. Kwa hiyo habari hii huanza kliniki ya wajawazito, miaka mingi kabla ya mwalimu wa darasa la kwanza kuanza kulalamika.

Sasa tutazame sahani zetu. Ugali, maharage, mboga ya majani iliyoungwa kwa alizeti. Ni chakula kizuri, nami nimekulia hicho. Lakini mafuta ya alizeti ya kawaida ni omega-6, jamii nyingine ya mafuta, kwa sehemu kubwa, na omega-3 karibu hamna. Omega-6 nayo mwili unaihitaji, kwa hiyo simwambii mtu amwage alizeti yake. Shida ni kwamba aina hizi mbili hugombania vimeng'enya vilevile mwilini, na upande mmoja ukijaa kupita kiasi, mwingine unabanwa. Na parachichi, ambalo sisi watu wa Rungwe na Njombe tunajivunia? Nasikia likisifiwa kwa omega-3, lakini mafuta yake mengi ni ya aina ileile inayosifika kwenye mzeituni. Tule parachichi kwa wingi, ila haliwezi kushika nafasi ya samaki.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa watoto wa chini ya miaka 5 ukiwa takribani asilimia 57 Iringa, na karibu nusu ya watoto Njombe na Rukwa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Hii ndiyo mikoa inayolisha wengine mahindi na viazi! Tumejaza maghala, na watoto wetu wanashiba wanga.

Je, samaki hutibu tatizo la umakini, lile ambalo madaktari huliita ADHD? Hapana, na anayekwambia ndiyo anakuuzia kitu. Uchambuzi wa mwaka 2011 uliojumlisha majaribio 10 yenye watoto 699 ulikuta nafuu ndogo, chini kabisa ya ile ya dawa za hospitali. Mwaka 2023 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, walipitia majaribio 37. Kwa macho ya wazazi, watoto waliopewa mafuta haya hawakuwazidi wenzao kwa umakini wala kwa utulivu.

Hata hivyo kuna jaribio moja ambalo naliona linatuhusu zaidi. Lilifanyika Taiwan na kuchapishwa mwaka 2019: watoto na vijana 92 wenye ADHD, wiki 12, wengine wakipewa gramu 1.2 za EPA, omega-3 nyingine ya samaki, kila siku, wengine kidonge kisicho na kitu. Waliokuwa na EPA kidogo mwilini tangu mwanzo ndio umakini wao uliopanda. Waliokuwa nayo ya kutosha hawakufaidika. Yaani mafuta yaliwafaa waliopungukiwa. Na kwetu Tanzania, utafiti wa mwaka 2016 uliowapima watoto wa miaka 4 hadi 6 uliona uhusiano kati ya DHA katika damu na jinsi mtoto anavyoweza kubadili kanuni katika mchezo wa kadi, ambacho ni kipimo cha kuongoza akili yake mwenyewe. Uhusiano si uthibitisho, lakini kwangu unatosha kunipeleka sokoni.

Usipa wa Ziwa Nyasa huliwa mzima, kichwa na mifupa, kwa hiyo mtoto anapata na kalisi juu ya mafuta yale. Wabichi ni bora kama unawapata. Waliokauka wanafaa pia, ila nusa kwanza: wakiwa na harufu ya mafuta yaliyochacha, ujue omega-3 imeanza kuharibika kwa hewa na jua. Usiwazamishe kwenye mafuta mengi ya kukaangia. Wapike kwa nyanya na vitunguu, mchuzi uliwe wote. Mtoto mdogo wasagie wasio na chumvi nyingi, uchanganye kwenye uji. Walioko Njombe nao wana ziwa lao kule Ludewa, Manda na Lupingu, ingawa ukiwa Makete unaweza kusahau kwamba ni mkoa mmoja.

Na ukishamlisha, usikomee hapo. Mtoto asiyesikiliza huenda hasikii, kwa sababu ya sikio linalotoa usaha tangu msimu wa baridi. Huenda haoni ubao. Huenda damu yake ni pungufu kwa kukosa madini ya chuma, ana minyoo, amelala saa nne usiku, au ametoka nyumbani bila hata kikombe cha uji. Hayo yote yanaangaliwa katika kituo cha afya cha kawaida. Yakishaondolewa na mtoto bado anahangaika, shuleni na nyumbani pia, apelekwe kwa daktari wa watoto au wa afya ya akili. ADHD ipo kweli. Walimu wenzangu, mtoto wa namna hiyo mkalishe mbele, mpe kazi fupi fupi, mtume akalete chaki pale miguu inapomwasha. Fimbo haijawahi kumwongezea mtoto umakini, inamwongezea woga tu.

Ombi langu kwa kamati za shule ni moja. Kila mwaka tunawaandikia wazazi mchango wa chakula cha mchana, mahindi na maharage. Kikao kijacho tuongeze usipa kwenye karatasi ile, kisado kwa kila kaya kwa muhula, na atakayeshindwa achangie kuni. Makande ya shule yakitiwa usipa mara mbili kwa wiki, yatawafikia hata wale ambao mama zao hawatamudu chupa ya dukani kamwe.