Kabla hujamwita kilaza, fungua daftari lake

Jumamosi iliyopita nilikwenda kikao cha wazazi badala ya dada yangu, maana Jumamosi kwake ni siku ya kuuza, na mwenye meza ya nyanya Mbuyuni haiachi akasikilize habari za michango ya madawati. Nikakaa nyuma karibu na mlango, simu mkononi, kama wajomba wote. Michango ikapita. Ilipofika zamu ya matokeo ya darasa la tatu, mwalimu akasimama mbele ya wazazi sitini na kitu akasema: "Hawa wa kifafa tusidanganyane, wazazi. Ubongo umeshaungua. Waje tu wacheze na wenzao."

Hakutaja jina. Hakuwa na haja, darasa zima anaye mmoja tu. Na mimi, mjomba mtu mzima, nikanyamaza. Ndiyo maana leo naandika, nalipa deni.

Mpwa wangu haanguki. Hatoi povu. Kifafa chake ni kile cha kuzubaa: macho yanaganda, kope zinapepesa kidogo, sekunde kumi hivi, kisha anaendelea na alichokuwa anafanya, wala hajui kwamba alikuwa ameondoka. Kwa siku inaweza kumtokea mara nyingi mno. Nyumbani kwa miaka miwili tulisema ana mawazo ya mbali, bibi yake akaapa kwamba kayarithi kwangu. Shuleni walikuwa na neno fupi zaidi, kilaza, na fimbo yake juu.

Juzi nimelifungua daftari lake la imla la mwaka jana. Mwandiko wa mtoto huyu ni mzuri kuliko wangu. Mstari wa kwanza: "Bibi alikwenda sokoni kununua", halafu nafasi tupu ya upana wa vidole vitatu, halafu "akarudi jioni." Mstari wa nne: "Ng'ombe wa babu", ile u ya mwisho imeburuzwa mpaka pembeni ya karatasi kama kalamu imejiendea yenyewe, halafu "maziwa mengi." Kila neno alilolisikia kaliandika sawasawa, mpaka ng' na kialama chake, kitu ambacho watu wazima kwenye makundi ya WhatsApp kinawashinda. Chini kuna wino mwekundu: 4/10. Mzembe, hasikilizi.

Mzembe! Mtu ameandika kila alichokisikia bila kosa, unamwadhibu kwa kile ambacho hakikumfikia. Na hiyo ni imla, ambayo tundu lake linaonekana. Kwenye hesabu tundu halionekani. Mwalimu anataja hatua nne za kugawanya, mtoto anapata ya kwanza, ya pili na ya nne. Kesho hatua hizo hizo zinabebeshwa somo jipya, naye hapo anapata mbili tu. Mwisho wa mwaka unamkuta hawezi kugawanya, unasema akili hana. Akili ipo, bwana. Kilichotakiwa kuingia humo ndicho kilichomwagika njiani, tena kila siku, mbele ya macho yako, na wewe umeshika fimbo.

Hospitali, daktari hakuhitaji hata mashine ili ashuku. Alimshikia kipande cha karatasi mbele ya mdomo akamwambia apulize kama anazima mshumaa, asiache. Karatasi ikacheza, ikacheza, ikatulia. Mtoto kakaa pale pale, macho wazi, hayupo. Dada akamwita mara mbili. Kisha karatasi ikaanza kucheza tena. Njiani kurudi, kwenye Hiace, dada hakusema kitu mpaka tunashuka: "Na mimi nilikuwa namfinya."

Kipimo cha umeme wa ubongo kikaja kuthibitisha tu.

Kabla ya hapo nesi wa zahanati moja alikuwa ameshahisi kwamba ni kifafa, Mungu ambariki, lakini akampa fenobabitoni. Dawa hiyo ni ya bei nafuu na imewaokoa wengi wanaoanguka, siikashifu. Kwa kifafa cha kuzubaa haisaidii. Kwa mpwa wangu ilileta usingizi tu, sasa akawa anazubaa na kulala juu ya dawati, na cheo kikapanda kutoka kilaza hadi zezeta. Alipobadilishiwa, akaanza valproeti, ndani ya mwezi kuzubaa kukapungua mpaka bibi akauliza kama bado anaumwa.

Haya, nikubali ninachotakiwa kukubali. Wapo watoto ambao ubongo uliumia kweli: waliochelewa kulia walipozaliwa, waliougua uti wa mgongo, waliopigwa na malaria ikapanda kichwani. Kwao kifafa na uelewa mzito vimetoka kwenye jeraha moja. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba hapo wilayani Hai, Kilimanjaro, kutafuta watoto wenye kifafa waliwakuta wa namna hiyo si haba, na matatizo ya wakati wa kuzaliwa yakajitokeza kwenye historia zao zaidi kuliko kwa watoto wasio na kifafa. Degedege za dakika nyingi mfululizo nazo zinaweza kuujeruhi ubongo, ndiyo maana ikizidi dakika 5 unatafuta gari, huendi kutafuta kijiko cha kumtia mdomoni. Na hata mpwa wangu, pamoja na dawa, umakini wake bado unayumba baadhi ya siku. Sawa. Lakini ni nani aliyempima huyu akakuta ubongo umeungua? Kwa kipimo gani, kile cha wino mwekundu?

Na hata hao walioumia kweli, shule si ya kuja "kucheza na wenzao."

(Kuna mama aliyekaa mbele yangu alimvuta mwanawe neno kifafa lilipotajwa. Mama, hakiambukizi. Hata povu haliambukizi.)

Barua ya daktari tuliipeleka shuleni mwezi wa pili: mtoto akae mbele, akizubaa arudiwe alichokosa, asipigwe. Nimeuliza, ipo ofisini kwenye faili. Mtoto bado anakaa dawati la mwisho, dirishani.

Kikao kijacho ni mwezi wa tisa. Dada ameshasema nyanya zitalindwa na jirani, atakuja mwenyewe. Mimi nitabeba madaftari mawili ya imla, la mwaka jana na la mwaka huu, na safari hii sikai karibu na mlango.