Kitanda Kichorwe Kabla ya Ukuta

Kwa miaka saba nimekuwa nikiwasha taa ya chumba changu cha kulala kwa kupenyeza mkono, hadi juu ya kiwiko, katika mwanya wa sentimita 10 uliopo kati ya kabati la nguo na fremu ya mlango. Kila mgeni aliyewahi kulala humo ameniuliza asubuhi kama chumba hicho kina taa. Simlaumu fundi umeme, kwa kuwa aliiweka swichi pale swichi inapostahili kuwekwa, kando ya mlango upande wa kitasa. Aliyechora ramani naye aliniuliza ninataka chumba cha ukubwa gani, nami nikamjibu kwa kujiamini kuwa kiwe mita 3 kwa mita 3.6. Hakuniuliza kitanda kitakaa wapi, na mimi mwenyewe sikuwa nimeliwaza hilo hata siku moja.

Tumezoea kuipanga nyumba kwa kutaja idadi ya vyumba na mita za mraba, kana kwamba vyumba ni magunia yanayopimwa kwa ujazo. Kwa maoni yangu, ukubwa wa chumba hausemi mengi mpaka yajulikane mambo mawili: kuna ukuta mzima kiasi gani, na njia ya kupita itakuwa wapi. Ukuta mzima ni ule ambao haukukatwa na mlango wala dirisha refu, unaoweza kuegemezwa kitu kikubwa bila kuziba chochote. Njia ni ile sakafu ambayo haitawekwa kitu kamwe, kwa sababu watu watapita hapo kila siku, wakiwa wamebeba nguo, mtoto au ndoo ya maji. Chumba kinaweza kuwa kikubwa na kikakosa vyote viwili, na hapo ndipo mtu anaposema kuwa nyumba ni kubwa lakini haipangiki.

Tuanze na kitanda, maana ndicho chombo kisichojificha. Kitanda cha futi tano kwa sita, ukijumlisha mbao za fremu na ubao wa kichwani, huchukua takribani sentimita 160 kwa 200. Kikiwekwa katikati ya ukuta wa mita 3, kila ubavu hubakiwa na sentimita 70, nafasi inayomtosha mtu kushuka na kutandika bila kujigonga. Chumba kikiwa na urefu wa mita 3 pia, mguuni pa kitanda hubaki mita 1 tu. Ukiweka hapo kabati la nguo, ambalo kina chake cha kawaida ni sentimita 60 kwa sababu ya upana wa nguo zilizotundikwa, zinabaki sentimita 40, na milango ya kabati yenye upana wa sentimita 45 haitafunguka yote. Ongeza urefu wa chumba hichohicho kwa sentimita 60 tu, na mbele ya kabati inarudi mita 1 nzima. Nyongeza hiyo haifiki mita 2 za mraba, lakini ndiyo inayotenganisha chumba cha kulala na stoo yenye kitanda.

Sasa chukua chumba chenye mita 2.6 kwa 4.2. Eneo lake linazidi kidogo lile la mita 3 kwa 3.6, na kwenye karatasi mnunuzi angekiona bora. Kitanda kilekile kikiegemezwa kwenye ukuta mfupi kitaachiwa sentimita 50 kila upande, na mwenye mwili mkubwa atalazimika kutembea kiubavu ndani ya chumba chake mwenyewe. Nadhani ndiyo sababu viwango vya nafasi za makazi vilivyotolewa na serikali ya Uingereza mwaka 2015 havikuishia kwenye eneo: chumba cha watu wawili hutakiwa kiwe na angalau mita 11.5 za mraba, na juu ya hapo chumba kikuu cha aina hiyo kisipungue upana wa mita 2.75. Waliviandika hivyo watu waliofahamu kuwa mita za mraba hudanganya.

Chumba changu hakikupungukiwa na eneo. Mlango uliwekwa katikati kabisa ya ukuta wa mita 3.6, labda kwa kuwa mchoro hupendeza ukiwa na ulinganifu. Pamoja na fremu yake mlango huo umekula mita 1, na kila upande zikabaki sentimita 130 zisizotosha kitanda wala kabati la maana. Ukuta wa pili una mlango wa bafu, wa tatu na wa nne una madirisha mapana, na hayo madirisha niliyataka mwenyewe kwa ajili ya hewa. Hivyo nimelala miaka yote hiyo kichwa kikiwa chini ya dirisha, na kabati la sentimita 120 limebanwa kando ya mlango, likiwa limeifunika swichi. Mlango ungalisogezwa mpaka sentimita 20 kutoka kwenye kona, upande mmoja ungalipata ukuta mzima wa mita 2.4, unaotosha kabati la mita 2 pamoja na swichi yake. Wapo wanaopendelea kuacha sentimita 65 kwenye kona badala ya 20, ili kabati likae nyuma ya mlango kwa kuufuata ukuta wa pembeni. Mlango ukiwa wazi hufunika sehemu ya kabati, jambo ambalo halina ubaya, kwani ni nadra mtu kuchagua nguo mlango ukiwa wazi.

Sebuleni tatizo hugeuka. Huko nafasi huwa nyingi kuliko inavyohitajika, na kwa kawaida imenyang'anywa jikoni na vyumbani. Ninajua kuwa wengi hawatakubaliana nami, lakini naona sebule nyingi zimejengwa kwa ajili ya mgeni ambaye hajafika bado. Makochi mawili yanayotazamana, kila moja likiwa na kina cha sentimita 90, pamoja na meza ya katikati yenye upana wa sentimita 60 iliyoachiwa sentimita 45 kila upande, hutaka mita 3.3 kwa jumla. Hapo watu wanasikilizana bila kupaza sauti, na mkono unaifikia meza bila mtu kuinuka. Katika sebule ya mita 6, makochi husukumwa yote hadi ukutani, katikati hubaki uwanja, na mazungumzo huwa ya kuitana kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Dawa yake si kuongeza makochi. Yasogeze yawe karibu, uache njia ya sentimita 90 nyuma ya kochi moja, na chumba kitapata umbo.

Njia ndiyo inayoiharibu sebule kuliko kitu kingine. Mlango wa mbele ukiwa kwenye kona moja na wa kuelekea vyumbani kwenye kona ya mshazari, kila anayepita atapita katikati ya waliokaa, na hakuna mpangilio wa fanicha utakaoponya kasoro hiyo. Milango hiyo miwili ikiwa upande mmoja wa chumba, njia hufuata ukuta na sehemu iliyobaki hutulia. Hili huamuliwa kwa penseli ndani ya dakika moja. Baada ya lenta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, kumwagwa, ni la nyundo.

Meza ya kulia nayo hudharauliwa sana katika ramani. Mlaji mmoja huhitaji sentimita 60 za ukingo wa meza ili viwiko visigombane, kwa hiyo meza ya watu sita, watatu kila upande, huwa na urefu wa sentimita 180 na upana wa karibu 90. Kukivuta kiti na kuinuka hutaka sentimita 90 nyingine kuizunguka. Ukijumlisha, unapata mita 2.7 kwa 3.6, yaani eneo la chumba cha kulala. Anayechora meza hiyo katika pembe ya sebule yenye mita 2 amechora meza ya kuwekea funguo na barua.

Jiko ndilo lililopata bahati ya kuchunguzwa mapema na watu makini. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo kutoka Austria, alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, lenye upana wa takribani mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Aliufikia mpangilio wake kwa kuchunguza hatua na muda wa kila kazi, kama ilivyofanywa viwandani zama hizo. Baadaye, katika miaka ya 1940, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani walieneza kanuni ya pembetatu ya jiko: sinki, jiko la kupikia na friji viunganishwe kwa mistari mitatu ambayo jumla yake ni kati ya mita 4 na 8. Ikipungua, mpishi hana pa kuweka sufuria; ikizidi, anamaliza siku akitembea. Ninaikubali kanuni hiyo kwa sharti moja, kwamba ilikusudiwa mpishi mmoja. Wakiwa wawili, upana wa sakafu kati ya kaunta ndio unaotawala. Kaunta mbili za kina cha sentimita 60 ndani ya jiko la upana wa mita 2 huacha sentimita 80, na mlango wa oveni ukifunguliwa hapo, hakuna apitaye mpaka ufungwe. Upana ukiwa mita 2.4, zinabaki sentimita 120, na wawili hupishana hata mmoja akiwa na sufuria ya moto. Vilevile angalia mlango wa friji unafungukia upande gani. Ukifungukia ukutani, droo za ndani hazitoki.

Kuhusu bafu na korido sina mengi. Korido ya sentimita 90 inapitika, lakini haigeuziki kochi kwenye kona, na kiti cha magurudumu kinahitaji duara la mita 1.5 ili kizunguke. Anayejenga nyumba ya kuzeekea asiliache hilo kwa watoto wake.

Jinsi ya kufanya haya haihitaji programu ya kompyuta, ijapokuwa zipo na zinasaidia. Chora chumba kwa kipimo cha 1 kwa 50, ambapo sentimita 2 za karatasi ni mita 1 ya sakafu, kisha kata vipande vya kadibodi kwa vipimo vya vyombo ulivyonavyo au unavyokusudia kununua. Kitanda nilichokitaja kitakuwa kipande cha sentimita 3.2 kwa 4. Visogeze, uvigeuze, na kila mlango uuchoree robo ya duara inayoonyesha unakofungukia. Hilo la robo ya duara ndilo wengi hulisahau, na wanakuja kugundua kuwa milango miwili inagongana. Mimi hupenda zaidi chaki. Msingi ukishafikia jamvi, yaani sakafu ya zege ikiwa tayari na kuta hazijapanda, chora kitanda na kabati kwa ukubwa wake halisi, halafu tembea ukiwa umekunja mikono kama aliyebeba kapu la nguo. Mwili hulalamika mapema kuliko jicho.

Vipimo vya ramani pia vina hila zake. Mara nyingi huhesabiwa kutoka tofali hadi tofali, na lipu ya sentimita 1.5 kila upande hukata sentimita 3, kwa hiyo kabati lililotengenezwa kwa mita 3 kamili halitaingia katika chumba cha mita 3. Urefu wa dari una mtego mwingine. Kabati la mita 2.4 lenye kina cha sentimita 60, likiunganishwa likiwa limelazwa, huhitaji karibu mita 2.48 wakati wa kusimamishwa, kwa kuwa ni mshazari wake unaopita chini ya dari. Nimewahi kumwona fundi seremala aliyeinua kabati la namna hiyo mpaka likakwama, akaliangalia kwa muda, akalilaza tena, akaanza kulifungua skrubu moja baada ya nyingine bila kusema neno.

Mlango wangu bado uko katikati. Kuuhamisha kulihitaji kuvunja lenta, nami sikuwa na moyo huo. Mwaka huu nimehamisha swichi tu, ikaenda ukuta wa pili, karibu na mlango wa bafu, na tundu la zamani limezibwa kwa kifuniko cheupe ambacho hakionekani mpaka kabati litolewe. Usiku, kabla sijazinduka vizuri, mkono bado unakwenda kwenye ule mwanya.