Samaki taa wa Macquarie Harbour na jirani yake wa nchi kavu

Ukifika Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia, padimeloni huna haja ya kumtafuta. Ni mnyama mwenye mfuko, mdogo wa ukoo wa kangaruu, na jua likizama tu anatoka vichakani kuja kula majani malishoni, hata kwenye nyua za watu. Magari yanawagonga ovyo usiku, wakulima wanawalalamikia, na bado wamejaa tele.

Taa wa Maugean, samaki bapa aishiye chini majini, hana bahati hiyo. Aligunduliwa mwaka 1988, na leo karibu wote waliobaki wako Macquarie Harbour, ghuba moja ya magharibi mwa kisiwa hichohicho.

Wapo wanaosema mnyama aliye tele ni hodari na anayetoweka ni dhaifu. Mimi sikubali. Padimeloni haohao walikuwapo bara la Australia wakaisha, na mbweha walioletwa na Wazungu walichangia. Tasmania mbweha hawakushika mizizi, na misitu iliyofyekwa ikawapa malisho ya bure. Uharibifu wetu uliwaangukia vizuri, basi.

Kwa taa uliangukia vibaya. Mlango wa ghuba ni mwembamba, tena maji yake ni mafupi, kwa hiyo bahari haiingii kwa wingi kuleta oksijeni vilindini. Mabwawa ya umeme yamebadilisha mtiririko wa mito, na vizimba vya kufugia samaki aina ya samoni vinadondosha kinyesi na mabaki ya chakula, na vijidudu vinavyoviozesha vinamaliza hewa iliyopo. (Wafugaji wa sato wa Ziwa Victoria wanajua hewa ikikatika majini inakuwaje.) Yai la taa hulala chini huko kama miezi 7, peke yake. Mtoto wa padimeloni naye hukaa mfukoni zaidi ya miezi 6, lakini pakichafuka mama anaondoka naye.

Kati ya 2014 na 2021 taa walipungua karibu nusu. Vipimo vilivyotangazwa 2025 vilionyesha wamerejea karibu na hali ya 2014, na wenye samoni wakashangilia. Mwezi Machi mwaka huohuo bunge la Australia likapitisha sheria ya kuulinda ufugaji huo. Ajira za Strahan, mji ulio kando ya ghuba hiyo, sizidharau, watu wanakula. Ila kizimba kinaweza kukokotwa hadi ghuba nyingine, na huyu taa ghuba nyingine hana.